Mama Yuko Jikoni, Mwalimu Yuko Sebuleni

Bi Hilwa mpendwa, nina jambo ambalo nikimwambia mtu atacheka, na wewe ukicheka basi cheka, lakini nisaidie.

Mimi ni mke wa Taib, mwenye duka la manukato, tunakaa Al Mankhool na watoto wetu wawili, Sufyan wa miaka tisa na Shifaa wa saba, nawafundisha mwenyewe nyumbani tangu mwaka jana, na kazi hii nimeishika kwa mikono miwili kwa sababu wifi yangu Khairunisa wa Mirdif, ambaye wanawe huchukuliwa na basi la shule mlangoni, alisema mbele ya watu kwamba wanangu wanashinda nyumbani tu, basi nami nikaapa hatapata tena la kusema, nikawashonea sare, nikanunua kengele, asubuhi tunapanga mstari sebuleni, kalenda nikafuata ile ile ya shule za hapa, likizo mwezi wa saba na wa nane joto la huku likichoma, na wakati wa masomo nimewakataza kuniita mama, waniite mwalimu.

Sasa joto limevunjika, kila mtu yuko nje, na dirisha letu linatazama bustani, wanangu macho yako huko huko, hesabu haziingii, nikafunga pazia. Asubuhi siwezi kuwatoa kwa sababu wakionekana bustanini saa nne watu watauliza kwani leo hawasomi, alasiri wana kazi ya nyumbani niliyowapa, kisha chuo cha Kurani, na siku imekwisha. Taib ananiambia khalas, yatosha, watoe watoto nje, lakini yeye yuko dukani kutwa, maneno ya dadake hayamfiki.

Wiki iliyopita Sufyan aliinua mkono akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa nikaseme na mama." Nikampa ruhusa nikidhani ni mchezo. Akaenda jikoni, akasimama kando ya jiko, akanisubiri. Nikamfuata. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mwalimu hatuachi tutoke. Sema naye wewe." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mama yako amesema rudi darasani."

Akarudi akaketi. Tangu siku hiyo, Bi Hilwa, ananiita mwalimu asubuhi na jioni, akitaka maji ni mwalimu, akienda kulala ni usiku mwema mwalimu, mama halitamki kabisa. Nalia peke yangu. Nifanyeje nimrudishe mwanangu na masomo yasilale?

Mwanatumu, Al Mankhool

BI HILWA ANAJIBU

Mwalimu Mkuu, salamu. Nimekaa wima kabla ya kukujibu, nisije nikaandikwa jina kwa kupiga kelele.

Hongera kwa kengele. Watoto wawili, sebule moja, bila kengele wangepotelea wapi? Na hiyo kazi ya nyumbani unayowapa watoto ambao hawajatoka nyumbani, hapo nilisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka.

Lakini la kalenda ndilo limenimaliza. Shule zinafunga mwezi wa saba kwa sababu walimu wanataka kupanda ndege wakaone kwao. Wewe ulikuwa unakwenda wapi? Uliwapa wanao likizo wakati hata paka wa Al Mankhool hatoki chini ya gari, wakaimalizia juu ya kochi. Sasa paka yuko nje anaota jua, na wao wako ndani nyuma ya pazia. Anayefundisha nyumbani ana raha moja tu ambayo Khairunisa hana, kwamba kalenda ni yake. Na wewe hiyo moja umeitupa.

Nakuonea huruma, usidhani sikuoni. Kusemwa mbele ya watu kunauma, na kuwafundisha wanao mwenyewe si kazi ya mtu mvivu. Ila mwanangu, Khairunisa alisema neno moja, akala pilau yake, akasahau. Wewe umemjengea shule nzima.

Na Sufyan wako hana kosa. Alifuata utaratibu wote uliomfundisha: aliinua mkono, akaomba ruhusa, akapeleka malalamiko kwa mzazi. Mzazi akaungana na mwalimu. Angekwenda wapi tena, wizarani?

Basi sikiliza. Leo hii mwite jikoni, palepale alipokusubiri, umwambie, "Mama amesema na mwalimu, na mwalimu amekubali." Ishia hapo, usiongeze hotuba. Kengele itie kabatini, na sare zitafaa kwa kudekia. Kuanzia kesho wasome mapema, akili zikiwa safi, na ikifika saa nne vaeni viatu, yalla, bustanini mpaka adhuhuri. Kazi ya nyumbani ifute. Masomo yatakayobaki yaweke mwezi wa saba, joto litakapowafungia ndani hata mkitaka kutoka. Hapo wafundishe mpaka waombe poo. Na mtu akikuuliza kwani leo hawasomi, mwambie wameshamaliza. Akiwa ni Khairunisa, mwambie polepole, asikie vizuri.

Asipokuita mama siku hiyo, usimlazimishe wala usimbembeleze. Kaa kwenye benchi, usiende na kitabu, mwache akimbie. Mtoto aliyefungiwa muda wote huo hajui kukimbia kwa kiasi, lazima ataanguka achubuke goti. Kabla hujamfikia, utasikia mwenyewe analia akimwita nani.