Kiti cha Nzilani Kwenye Basi

Shamba la Mkonge, Kambi ya Pili,
Karibu na Voi.
9 Oktoba 1988.

Mpendwa kaka Nzomo,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Natumaini wewe na shemeji Mutindi mko salama, na kwamba mama amepata nafuu ya mguu. Niliota ameketi nje akipeta ndengu, kwa hiyo nadhani ni mzima. Mimi sijambo, ila utomvu wa mkonge umeingia katika nyufa za vidole, na mikono inawasha hata nikishika chakula.

Joto la huku limezidi. Nasikia huko Kyuso pia nyasi zimekwisha. Wanyama wanakula nini?

Sasa, kaka, nikueleze habari ya wageni tuliopata. Ijumaa moja mwezi uliopita, darasa la nane la shule yetu lilifika hapa kuona mkonge unavyosagwa. Safari hiyo unaijua, maana ni wewe uliyeniandikia kwamba hedimasta ameifanya ya lazima, na mtoto asiyelipa hatakanyaga darasani. Nilikutumia pesa ya Nzilani. Ulinijibu kwamba imefika, na kwamba binti yangu anahesabu siku.

Mimi pia nilikuwa nazihesabu. Sijamwona mtoto wangu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nilimwomba nyapara wetu, Yakub, anitoe kwenye kukata, aniweke korona, kwenye mashine ya kusaga, ambako wageni hupitishwa. Nilifua shati. Nilinunua mkate na soda, nikafunika soda kwa gunia lililolowa ili isipate moto.

Basi likasimama. Watoto wakashuka wote, Nzilani hakushuka. Akashuka Muli wako, akanikimbilia akiita, "Nau! Nau!" mbele ya wafanyakazi wote.

Alikuwa na haki. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ananiita baba, nami sina ruhusa ya kusema si wangu. Yakub ni mtu wa pwani, hajui mambo yetu. Alipiga makofi. "We Mkamba mjanja wewe! Kila siku Nzilani, Nzilani, kumbe una dume! Hebu tazameni masikio, kamtoa vile vile!" Wenzangu wakacheka, wakanipa mkono wa pongezi. Nikasema ndiyo, ni wangu. Nikampa mkate, nikampa soda.

Alipokuwa akila, nilimwuliza dada yake yuko wapi. Muli hajui kuficha. "Alibaki, nau. Baba alisema pesa ni ya mtoto wetu, na mimi pia ni mtoto wetu. Akasema msichana huuona mkonge kila siku kwenye kiondo chake."

Ndipo akaniambia kwamba Nzilani amefukuzwa mpaka alipe, kwa sababu basi lilikodiwa kwa hesabu ya darasa zima. Binti yangu anadaiwa kiti ambacho hakukikalia, na mtihani ni mwezi ujao.

Mwalimu wao akawakusanya mbele yetu. "Watazameni vizuri hawa," akasema. "Ndio waliochezea shule. Andikeni." Wakaandika. Muli naye aliandika, makombo ya mkate wangu yakiwa bado mdomoni. Kaka, wazazi wa Kyuso wameuza mbuzi wakati wa ukame ili watoto waletwe kututazama sisi, na sisi tuko huku kutafuta pesa ya kuwalipia safari.

Siku ile sikukasirika. Nimekasirika polepole, nikikata mkonge.

Siku ya soko, Ndolo mchuuzi wa ng'ombe atakuja hapo kwako kumchukua maksai wangu mweupe. Nimemuuzia. Pesa ataitia mkononi mwa Kalunde mke wangu, si mwako, na Kalunde ataipeleka shuleni mwenyewe. Usimfiche maksai kwa jirani. Chifu anayo barua yangu.

Najua mvua iko karibu, na kwamba maksai mmoja havuti plau. Najua pia hutapata wa kuazima, kwa kuwa kila mtu atakuwa analima kwake. Shamba la Kalunde nalo halitapata plau. Nilimwandikia hayo kwanza, akanijibu kwamba atashika jembe la mkono, niuze. Wewe mfunge Muli nira upande wa pili. Si amesafiri, ameona dunia?

Ukitaka kujua kama nitakusamehe, nitakusamehe Nzilani akikaa kwenye dawati lake siku ya mtihani. Asipokaa, nitakuja Krismasi, tuite wazee tugawe ardhi, na mama achague atalala kwa nani.

Nisalimie shemeji Mutindi. Mama msalimie sana, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali. Muli mwambie sina neno naye. Alikula mkate wa baba yake.

Mungu akuletee mvua nyingi, kaka, na akupe mikono ya kuilimia.

Ni mimi wa tumbo moja nawe, nikupendaye hata sasa,

Kivuva