Paa la Gari la Atieno

Jumatatu, 10 Machi

Msasa tena. Mlango wa kushoto wa gari, kabla ya uji. Atieno ameniachia karatasi mbili, ya kukwaruza na ya kumalizia, na maagizo kama mwalimu: maji mengi, Mama, na usikandamize. Nimezaa mwalimu wa magari.

Kutu inateremka nyekundu mpaka viwikoni. Chini yake bati linang'aa. Gari la Kizungu, viti viwili, kichwa wazi, halina paa. Meneja wa kiwanda cha sukari kule Migori alimwachia Baba Atieno aliporudi kwao, maana Baba Atieno alikuwa dereva wake na hakuwahi kugonga hata mbuzi. Lilikuwa limekufa tayari. Likavutwa na trekta mpaka hapa kwetu, nje kidogo ya Rodi Kopany, likapandishwa juu ya mawe. "Nitalitengeneza." Kila Krismasi, nitalitengeneza. Atieno alitambaa chini yake, akasimama kwa kulishika, akakua akawa fundi. Baba yake tulimzika Januari.

Sikulia. Watu waliona. Kwetu mjane hulia mpaka ng'ambo ya mto wasikie. Mimi nilikaa kama gunia la mahindi. Hata sasa. Napiga msasa.

Jumatano, 12 Machi

Injini imefika juu ya lori la viazi. Imetoka kwa pikapu ya zamani iliyoanguka njia ya Migori. Ile ya asili ilikuwa imeshikana ndani kama ugali wa juzi kwenye sufuria, hata nyundo ilikataa.

Atieno amekata vishikio vya zamani, akachomelea vipya. Cheche zinaruka, yeye hata hapepesi macho. Kutoka hapa mpaka Oyugis, nionyeshwe msichana mwingine anayechomelea chasisi. Vijana wa gereji wenyewe wanamletea kazi zikiwashinda, kule gerejini kwake Rodi, halafu wanasema ni bahati.

Pesa hakuna, kwa hivyo gari linavaa mitumba kama sisi. Viti ni vya probox iliyogongwa. Sakafu ni pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa. Taa ya kushoto ni yake ya asili, ya kulia ni ya trekta. Atieno anasema ndiyo sura yake. Nami nasema hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Owuor amekuja, mdogo wake marehemu. Amekuja na jaduong' Ogola, mkubwa wa ukoo. Nilichinja kuku.

Wamepanga siku ya keyo nyinyo, ile ya kugawa vitu vya marehemu. Jumapili ya kwanza ya Aprili. Nguo, redio, baiskeli, kiti chake. Na gari. Owuor analitaka. Chuma cha mwanamume huenda kwa wanaume, anasema. Ameshaongea na watu wa vyuma chakavu Migori. Watalikata kwa gesi, wapakie vipande.

Atieno akasema gari ni jasho lake. Owuor akamwambia binti ni mgeni, kesho ataolewa. Akaenda akaligonga boneti kwa kidole. "Tena hili si gari. Gari bila paa? Hii ni wilbaro ya kubebea mchanga!" Watu wakacheka. Atieno hakucheka. Mimi niliangalia kuku akipungua kwenye sahani.

Ogola alitafuna mpaka mwisho ndipo akahukumu. Likitoka langoni kwa injini yake, tena na paa kama gari la watu, kabla hatujaanza kugawa, ni kazi ya mtoto. Likikutwa juu ya mawe, au bila paa, ni chuma cha marehemu. Linagawanywa.

Alifungasha paja kwenye leso akaenda zake.

Jumanne, 18 Machi

Paa nitashona mimi.

Nani mwingine? Yunifomu za Rodi nzima zimepita kwenye cherehani yangu. Kuna mwalimu mkuu anaziamini suruali zangu kuliko anavyoamini walimu wake. Hakuna mtoto amewahi kupasukiwa akiruka kamba. Hakuna.

Siku hizi wateja ni wachache. Mjane ambaye matanga yake hayajaisha haingii kwa watu, na wengine wanaogopa kitambaa kilichotoka mkononi mwake. Mimi ni Msabato, sishiki hayo. Lakini naketi nyumbani. Cherehani iko barazani, kazi haipo. Hainiumi. Hakuna kinachoniuma. Juzi nilijichoma sindano, nikaangalia damu kama ya mtu mwingine.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekata. Kanvasi ya pamba, ile nzito ya kufunikia lori, roli iliyobaki kwa mtu. Atieno alitengeneza mbavu za paa kwa bomba za kitanda cha hospitali zilizouzwa kwa kilo. Zinakunjika nyuma ya viti, zinarudi. Mbele kuna ubao unaoshikana na kioo kwa kulabu mbili.

Nilipima juu ya mbavu zikiwa zimefungwa. Nikakata ibane. Sipendi kitu kinachopwaya. Sindano zimevunjika nyingi, mashine inalia, mguu unakanyaga tu. Ni vizuri mguu kuwa na kazi. Kichwa kinakaa kimya.

Alhamisi, 27 Machi

Imewaka!

Moshi ulitoka kwanza, mweusi, halafu mlio, halafu mlio ukatulia ukawa kama mtu anayeongea. Waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Mama mmoja aliyekuwa na mtungi kichwani akapiga vigelegele bila kuushika. Atieno akacheza na spana mkononi. Alinikumbatia na oili yote, gauni limeharibika.

Nilijua ni furaha kwa sababu niliiona usoni kwake.

Jumatano, 2 Aprili

Rangi imekauka. Alichanganya mabaki ya mikebe ya wateja, ikatoka kijani cha majani ya maboga. Ili wadudu wasinase, tulishona vyandarua vikawa chumba kimoja kikubwa, akapulizia humo ndani na leso mdomoni. Kumbikumbi mmoja tu alipita. Yuko kwenye boneti, chini ya rangi, milele.

Paa limepanda. Limekaza kama ngozi ya ngoma. Nilipiga kwa kiganja, likajibu. Akina mama wa kanisa wamekuja kuangalia, nikawaambia haya ndiyo matokeo mtoto wa fundi akizaa na fundi mwenzake. Wakasema mimi na Atieno hatuzai. Nikasema mnaelewa ninachosema. Walicheka, wakaniangalia kwa kunihurumia. Wanangoja nilie. Nikawapa chai.

Magurudumu bado. Atieno atayaleta Ijumaa, mpaka wakati huo liko juu ya mawe yake, lakini limevaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Magurudumu yamefungwa mchana. Gari limeshuka chini. Mawe yamebaki peke yake pembeni.

Kisha mvua. Si mvua ya kuuliza. Ilipiga mabati hatukusikiana. Gari lilikuwa nje na paa limefungwa, nasi tulikaa barazani tukilitazama kwa maringo. Maji yanateleza, hayaingii. Nikasema, angalia kazi ya mama yako.

Mvua ilipoanza kupungua, tulisikia mlio mmoja. Kama mfupa. Kulabu zimeng'oka, ubao wa mbele umerudi nyuma. Kati yake na kioo kuna shubiri nzima. Paa limesinyaa.

Pamba. Pamba hulowekwa kabla ya kukatwa, isinyae kwanza. Mtoto aliyeshika sindano jana anajua. Mimi naloweka hata kitambaa cha kaptula ya chekechea. Kila kitambaa maisha yangu yote. Hiki nilikitandaza mezani kikavu nikakata, na sikumbuki nilikuwa wapi.

Atieno aliuliza mara moja tu. "Mama, hukuloweka?"

Jua lilikuwa linazama. Sabato ikaingia.

Jumamosi, 5 Aprili

Sabato. Sishoni.

Atieno alinibembeleza asubuhi, akanikasirikia mchana. Alisema Mungu hana haraka lakini baba mdogo ana watu wa gesi. Alisema atashona mwenyewe. Nikamwambia jaribu, ujue cherehani yangu si mashine ya kuchomelea. Akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia anapiga teke ndoo.

Mimi sijawahi kushona siku ya Bwana, hata mwaka ule wa njaa. Nikianza leo, kitu gani kimebaki kwangu ambacho ni kile kile?

Kanisani niliomba. Maneno yalikuwa yale yale. Katikati ya wimbo nikapoteza mstari. Hofu. Wataikata kazi ya mtoto wangu vipande vipande na sababu ni mimi. Mikono ikawa baridi. Tangu Januari sijasikia kitu, na cha kwanza kuja ni hofu. Haya. Njoo.

Jumapili, 6 Aprili

Jana jua lilipozama taa haikuwa na mafuta, kwa hivyo niliamka na ndege. Nikafumua mshono wa mbele wote. Kanvasi ya kuongezea haikuwepo, hata kiraka. Kilichokuwepo ni kitambaa cha zambarau cha sketi za shule ya msingi, kizito, mabaki ya mwaka jana. Kilikuwa kimelowekwa. Nilikikunja mara mbili, nikakipitisha mashine, halafu nikapanda juu ya boneti na sindano ya magunia nikakishona palepale kwa mkono. Atieno chini akirudisha kulabu kwa boliti ndefu. Ananiomba mkasi kwa kunyoosha mkono, nampa.

Watu walianza kuingia nikiwa bado juu. Owuor na shati jeupe. Vijana wawili wa Migori nyuma yake, wageni, wanaangalia gari kwa kilo.

"Nyar Kisegi!" Ananiita hivyo, binti wa Kisegi, akitaka kunikumbusha nilikotoka. "Gari limevaa yunifomu? Linaingia darasa la ngapi?"

Atieno akatoa kichwa chini ya usukani. "La kukupita wewe, baba mdogo."

Watu walicheka, hata mmoja wa wale wa kilo. Ogola alikuwa ameshafika kwenye kiti, ameshika kikombe. Owuor akamwambia hilo si paa, hiyo ni sketi. Ogola akainama akachungulia, akavuta ule mstari wa zambarau kwa vidole viwili. Haukutoka. Akasema, "Mimi nilisema paa. Sikusema rangi."

Nikakata uzi kwa meno. Nikashuka. Kulabu ya kwanza ikaingia. Ya pili ikagoma, Atieno akaisukuma kwa bega, ikaingia.

Alipowasha, ilikohoa ikazima. Owuor akatoa simu mfukoni, akairudisha. Atieno akawasha tena, ikazima. Mikono yangu ilikuwa baridi kama jana. Atieno akafungua boneti, akavuta nyaya za plagi moja moja, akazipangusa maji ya ile mvua kwa upindo wa gauni langu, mimi nikiwa ndani ya gauni. Akarudi akakaa. Mara ya tatu ikashika.

Gari lilikwenda polepole, likapita katikati ya watu, likapita lango. Halikugusa nguzo. Nje akapiga honi, ya lori, inalia kama ng'ombe aliyepotea. Vigelegele. Watu wakanipigapiga mgongo. Nilisema, "Mmeona? Mmemwona mtoto wangu?" Nilisema kwa sauti kubwa, nikataja jina lake lote na la baba yake. Kila mtu alisikia.

Aliliteremsha Rodi akaliacha gerejini kwake, akarudi kwa miguu ili keyo nyinyo iendelee. Owuor alipata kiti na baiskeli. Redio ilienda kwa mpwa. Mashati yakaisha haraka. Wale wa Migori waliondoka na gari lao tupu.

Jumanne, 8 Aprili

Atieno anasema watu wanasimama gerejini kupiga picha. Mmoja anataka alikodi kwa harusi. Wawili wameleta magari yao ya zamani. Anaongea haraka, mdomo una ugali. Nilimtazama nikasema ndani, huyu hatakatwa na mtu.

Halafu nilitoka nje, na pale lilipokuwa gari hapana kitu, ni mawe tu.

Sikuwa nimefikiria hilo. Lilipokuwa juu ya mawe, Baba Atieno alikuwa bado anakuja kulitengeneza. Sasa limetengenezwa. Nimemtoa langoni mwenyewe, na nimemshangilia akienda.

Nililala mchana. Mimi, mchana.

Alhamisi, 10 Aprili

Owuor amekuja asubuhi. Bila kofia, bila watu. Akasimama barazani akauliza kama bado nina kazi na yale mawe. Anajenga banda la mbuzi. Nikamwambia chukua.

Alibeba la kwanza mpaka langoni. Akarudi. La pili hakulibeba, alilikalia. Nilifikiri amechoka. Kisha nikaona mabega. Alilia kama mtoto, na kamasi, akisema walilipandisha gari juu ya mawe yeye na kaka yake siku ile ya trekta, kwamba kaka yake alishika upande mzito.

Sikujua aliwahi kulibeba. Hakusema.

Nilimletea maji. Hakuyanywa, aliyashika tu. Nikakalia jiwe la tatu. Ardhi pale ni nyeupe, nyasi hazijaota bado. Alilia muda mrefu, na mimi nilikaa naye, na sikumwambia anyamaze.