Kovu Upande Gani

Kenmore, Jumanne

Hawakunifukuza kazi. Kutwa niliogopa, maana kwenye maelezo ya picha za mnada niliandika kwamba jenerali mmoja wa zamani ana kovu shavu la kushoto. Bosi alicheka tu. Kumbe mchoraji wa mfalme wa jenerali huyo, Mholanzi aliyezeekea ugenini, alilichora kulia. Fundi aliyeinakili picha kwenye bamba la shaba hakuigeuza, basi chapa tunayoiuza ikatoka kinyume, kama kwenye kioo.

"Hutokea," bosi alisema.

Ndipo nikaogopa zaidi. Baba naye alikuwa na kovu; lilikuwa shavu gani? Picha yake pekee iliungua kwenye kambi ya wakimbizi, nami nilikuwa mdogo nilipomwona mara ya mwisho.

Jioni nikampigia Mama, aliye Louisville, kwa video. Alinyoosha mkono hewani taratibu, kama anayegusa uso wa mtu.

"Kulia kwake, mwanangu."

Mkono hakuushusha.