Mistari Miwili Begani

Jumanne, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri.

Mama watoto,

Nguo nimezianua, ziko kitini, bado mbichi. ~~Usinisubiri kula.~~ Nisubiri, tule wote.

Umewapeleka watoto shule kabla hasira hazijanitoka, ndiyo maana naandika. Nilikufokea kwa mistari minne uliyonishonea kila bega. Minne ni ya kapteni. Rubani msaidizi huvaa miwili, na kwenye ukaguzi wa sare wangenirudisha nyumbani siku yangu ya kwanza ya kuruka. Uliposema, "Basi nimekupandisha cheo mapema, baba watoto," ilifaa nicheke. Nikanuna. Ukafumua iliyozidi, ukapiga shati pasi mpaka matundu ya sindano yakapotea.

Miaka sita ya masomo ya jioni, hukuniacha nitoke hata siku moja bila kuniombea. Namshukuru Mungu kwa ajili yako.

Mama yangu yuko hapa sebuleni, pamoja na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la jikoni. Nimesimama mbele yao na sare yangu, nikasema kwa sauti, wawe mashahidi wangu: "Leo jioni nitamwomba mke wangu msamaha mbele ya watoto, kwa kuwa nilimfokea mbele yao."

Baba watoto