Magome ya Darini

Makanya, Jumapili asubuhi

Mwalimu,

Nimekusahihisha. Nalisema hilo kabla hata ya kukuamkia, kwa sababu hukumpenda mwanafunzi anayeanza na salamu ndefu kumbe amevunja kitu maabara. Shikamoo. Makala yako ile iliyokupa uprofesa ina kosa. Kosa hilo nimelifichua mimi, Zuhura wako, kwa jina langu kamili, na jarida lilelile lililoichapisha kabla sijazaliwa limekubali kuchapisha masahihisho. Barua pepe yao ilikuja Alhamisi. Nimekaa nayo siku tatu bila kumwambia mtu, hata baba dukani hajui. Niliona wa kwanza kusikia ni wewe.

Usinune kwanza. Ngoja nikueleze hatua kwa hatua, kama ulivyonifundisha.

Siku tuliyokuzika pale nyumbani kwako milimani, walisoma wasifu wako mpaka wazee wakaanza kubadilisha miguu. Shule ya misheni, chuo cha ualimu, shahada ya kwanza, ya pili, ng'ambo kwenye baridi kwa ajili ya ile ya tatu, ukarudi wakati wenzako wanabaki, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Yote kweli. Lakini aliyeandika hakuwahi kukaa darasani kwako. Hakusema kwamba bomba la maabara lilipokauka ulitupanga foleni na ndoo, tukapokezana kumwagia maji kipozeo ili mvuke usitoroke, nawe unatuimbisha nyimbo za kanisani, Waislamu kwa Wakristo, ili tusichoke. Hakusema kuwa chaki zilipokwisha ulichora pete za kaboni ubaoni kwa donge la jasi nililokuletea kutoka kwetu, ukalitangazia darasa zima: "Huyu amekulia kwenye mawe. Sasa tunamleta upande wenye uhai." Darasa likacheka. Nikaipenda kemia oganiki tangu siku hiyo, kwa hasira tu, nikuonyeshe. Hakusema ulikataa kuitwa Profesa. "Profesa ni wa kwenye barua," ulituambia. "Hapa niiteni Mwalimu."

Wala hakugusia kalamu yako nyekundu. Kosa la hesabu ulisamehe, mwandiko mbaya ulisamehe, lakini mtu akiandika kuwa alichuja mara mbili na wewe ulimwona akichuja mara moja, alijuta kuzaliwa. "Andika ulichofanya. Usiandike ulichopaswa kufanya." Sikuwahi kujiuliza ukali ule ulitoka wapi.

Jina lako kubwa lilitokana na molekuli moja. Uliitoa kwenye magome ya ule mti unaoota kando ya ndiva, bwawa la kunyweshea mashamba juu ya kwenu, mti ambao mama yako mzazi alichemsha magome yake mtu akiumwa tumbo. Wewe ndiye wa kwanza kuonyesha umbo lake, pete tatu na mkia. Watoto wako wakaamua umbo hilo lichongwe kwenye jiwe la kaburi, chini ya msalaba. Mimi ndiye niliyetumiwa mchoro niukague kabla fundi hajaanza. Nilihesabu vifungo vyote mara mbili, nikamjibu Elinami, binti yako, kwamba uko sawa.

Makala yako inasema magome yalikaushwa kivulini kwa wiki tatu. Basi nilipoanza shahada ya uzamivu chini yako, wewe umeshastaafu na kurudi milimani, hatua ya kwanza ilikuwa kuitoa tena molekuli hiyo. Nikashusha magunia ya magome mabichi hadi Makanya, nikayaanika kivulini nyuma ya duka la baba. Kwetu hata kivulini kitu hukauka kabla hujamaliza kukigeuza. Nikayapeleka chuoni, nikayasaga, nikayaloweka, nikachuja, nikapitisha kwenye unga wa silika wa kutenganishia. Doa la njano ulilolieleza, dalili ya molekuli yako, halikutokea. Nikakupigia. "Rudia," ukasema. Nikarudia. Halikutokea. "Rudia, mtoto wa Makanya."

Unajua wanavyotutania sisi Wapare, kwamba kwa kesi ya kuku tunauza ng'ombe tupate nauli ya kwenda mahakamani. Nilirudia miaka miwili. Nilifika mahali pa kuutukana mti. Wakati huohuo maabara moja ya ng'ambo ikaandika kuwa nao wamejaribu na hawakupata kitu, na chuoni wakaanza kunong'ona kwenye korido kwamba huenda Mzee alijitungia matokeo. Nilikuwa nikipita wananyamaza. Sikukuambia hilo. Nilijidanganya kwamba ninakulinda, kumbe na mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Simu yetu ya mwisho naikumbuka yote. Nilikuwa nimechoka, msimamizi wangu wa pili ananiuliza nitabadili mada lini, nawe ukasema tena nirudie. Nikakujibu, "Mwalimu, labda uliota."

Nilisikia kuku wa nyumbani kwako. Kisha ukasema, bila hasira kabisa, "Njoo nyumbani, Zuhura. Tuanze mwanzo."

Sikuja. Nilisema nitakuja likizo. Wiki tatu baadaye Elinami alinipigia, na kwa jinsi alivyotaja jina langu tu nilikaa chini.

Nisamehe. Mtu aliyenifundisha kushika chupa ya asidi bila kuogopa, mtu ambaye kila nilipokuja kwake alimwita jirani Mwislamu aje achinje kuku ili nile bila wasiwasi, nilimwambia aliota. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Sasa sikiliza jinsi fumbo lilivyofumbuka.

Mwaka ulipotimia tulipanda kwa ajili ya kuweka jiwe. Mama Elinami, mkeo, unamjua: mgeni akimaliza kikombe cha kwanza cha chai ya tangawizi anapewa kazi. Akanituma jikoni nichambue maharage ya makande. Si jiko la ndani, ni lile la nje, la mama yako, lenye mafiga matatu na dari la fito juu yake. Moshi ukaniingia machoni, nikainua uso, nikaona kando ya mahindi ya mbegu mafurushi meusi yamefungwa kwa kamba za migomba.

Nikamuuliza Mama Elinami ni nini. "Si ndiyo yale magome yenu," akasema. "Miaka yote alipokuwa chuoni nilikuwa namtumia kutoka hapo. Kabla yangu alikuwa anatuma mama mkwe." Nikamwambia, lakini Mama, si yanakaushwa kivulini? Akanitazama kwa huruma, kama mtu wa milimani anavyomtazama mtu wa tambarare. "Kivuli gani, mwanangu? Huku mawingu yanashinda mlangoni mpaka saa sita. Ukiyaweka kivulini yanaoza. Yanakaa juu ya moto mpaka mvua nyingine ije."

Niliyaacha maharage pale pale. Nilishuka Same mjini kwa basi, furushi moja mapajani, nguo zote zinanuka moshi, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ninauza nyama ya kukausha.

Doa la njano lilitokea mara ya kwanza, Mwalimu. Mara ya kwanza! Nililia mpaka fundi wa maabara akakimbia kuleta maji akidhani nimeungua.

Nilihitaji miezi sita zaidi kuelewa kwa nini. Mti hauitengenezi molekuli yako. Mti hutengeneza ndugu yake, aliyebeba sukari mgongoni. Joto la mafiga la kila siku, pamoja na asidi iliyomo kwenye moshi, huiangusha ile sukari polepole, maji yanatoka, na pete ya tatu inafunga. Kwa hiyo hukuota. Hukujitungia chochote. Molekuli ipo, umbo ni lilelile ulilochora, na lile jiwe halina kosa hata moja. Isipokuwa ilizaliwa jikoni, wala si msituni.

Furaha ilidumu siku moja. Siku ya pili nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Miaka yangu miwili! Kwa nini uliandika kivulini? Wewe, wa kalamu nyekundu?

Jibu lilikuwa kwenye madaftari yako. Mama Elinami alinipa sanduku zima, akasema panya watayamaliza. Daftari la kwanza kabisa, la wakati ulipokuwa ng'ambo, mwandiko wako bado wa kijana, kuna ukurasa umeandika: "Magome, furushi moja, kutoka darini kwa Mama." Chini yake, kwa penseli, kama mtu anayejisemea: "Nikiandika moshi watanicheka."

Nilikuona ukiwa na umri wangu, Mpare peke yako kwenye maabara ya watu, furushi linanuka jiko la nyumbani, wenzako wanafungua madirisha. Ukatafuta neno la heshima. Hukudhani neno hilo lingebadilisha chochote. Kukauka ni kukauka. Nani angefikiri tofauti? Hasira ikaniisha. Nadhani nilielewa pia ukali wako. Maisha yako yote ulikuwa unatukataza kitu ulichokifanya mara moja, na pengine ndiyo maana ulitaka nije nyumbani tuanze mwanzo. Sijui. Ningekuja ningejua.

Nilikificha kisa hiki miezi minne. Nikikaa kimya, wale wa korido wataendelea kukuita mwongo. Nikisema, nitakuwa nimetangaza kwa dunia nzima kwamba uliandika usichokifanya, na uprofesa wako ulisimama juu ya sentensi hiyo. Kati ya wawili niliowapenda kwako, mwanasayansi na mzee wangu, niliona nitamuumiza mmoja. Nikapunguza kula. Baba akafikiri ni mapenzi.

Mwishowe nilipanda tena milimani kumuomba ruhusa mkeo. Nilimwonyesha ukurasa, nikamweleza yote kwa Kiswahili cha kawaida, nikamwambia akikataa nitayarudisha madaftari na sitasema neno. Alivaa miwani, akasoma ile penseli, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akafuta macho, na sidhani yalikuwa machozi ya kicheko tu. "Huyu mtu," akasema, "alisahihisha watoto wa watu maisha yake yote. Kadi ya harusi ya Elinami aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, kadi imeshachapwa. Leo wewe unamwonea huruma?"

Basi nikaandika. Jina lako nimeliweka pamoja na langu, na alama ndogo ya kuonyesha kuwa ni marehemu, kwa sababu ushahidi mkubwa ni daftari lako. Uliandika ukweli siku ile ile, Mwalimu. Ulichelewa kuutuma tu. Na nimeeleza kwamba mbinu ya kukausha ni ya mama yako, Bibi Nakiete. Mhakiki mmoja wa jarida akadai nitaje mbinu hiyo ilichapishwa wapi. Nikamjibu kwamba mwenye mbinu hakuwahi kuchapisha, amelala kwenye migomba yake, na jiko lake bado linawaka.

Sasa habari njema, nisije nikaonekana nimeleta msiba mwingine. Nilipowaandikia wale wa ng'ambo, walijenga kibanda cha moshi nyuma ya maabara yao, na wiki iliyopita wamenitumia picha ya doa la njano, limekaa pale pale uliposema. Korido zimenyamaza. Wengine sasa wanasema walijua tangu mwanzo, unawajua. Mimi nimeajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi na nimepewa kozi yako ya mwaka wa pili. Na likizo hii ninapanda na wanafunzi wanne kuwauliza akina mama wa vijiji vya juu kila kinachokaa darini mwao, kinakaa muda gani, moto wa kuni zipi. Mama Elinami ameshawaambia wenzake kuwa watoto wa chuo wanakuja kufundishwa kemia. Ametangaza pia kwamba watachambua maharage.

Imebaki ahadi, halafu nikuache upumzike. Kila nitakachofanya nitakiandika kama kilivyofanyika, hata kama kinanuka moshi, hata kama nitachekwa. Madaftari yangu yatakaa wazi mezani, hakuna ukurasa utakaochanwa. Na wanafunzi wangu nitawaambia kuanzia kipindi cha kwanza: wakiona nimekosea, waje nyumbani siku hiyohiyo waniambie nikiwa ninasikia. Wasingoje likizo.

Mungu akurehemu, Mwalimu wangu. Kwaheri.

Zuhura