Beseni Jeupe la Lituhi

Jumatatu, 8 Julai 2024
Mbinga, baridi kali. Ripoti imepita. Miaka miwili ya kushuka ziwani Lituhi na rula, samaki 6,400 wa miambani, wastani sentimita 23. Victor, mkuu wetu wa mradi, kasema samaki wa saizi hiyo hawahitaji kupumzishwa. Kwa hiyo ombi la wavuvi limekwama: walitaka miamba yao ifungwe miezi minne kila mwaka, samaki walee watoto. Watasomewa matokeo tarehe 18.
Nilidhani ningefurahi. Nimekula wali maharage, nikafua soksi.

Alhamisi, 11 Julai
Lituhi, kutoa taarifa ya mkutano. Bonifasia, anayekausha samaki, kaning'ang'ania nile kwake. Nikapita uani kunawa. Mikeka mitatu imejaa samaki wa ukubwa wa kidole. Wa wapi hawa? Wa miambani. Tangu lini?
"Siku zote, dada. Wakubwa ndio wa kubahatisha."
Mbona sijawahi kuwapima? Akanishangaa.
"Wewe mgeni, umetoka mbali na rula yako. Tukuletee hivi vidagaa? Ungetuonaje?"
Kumbe kila nilipofika, Mzee Hilari, mwenyekiti wa wavuvi, alikuwa ameshachagua wakubwa. Hao ndio waliokuja kwenye beseni jeupe. Wadogo walibaki mtumbwini, wamefunikwa nyavu. Miaka miwili! Na mimi kwenye kiti walichoniletea, kivulini, nasubiri beseni. Nasifia kabisa: leo mmepata samaki wazuri. Hatua thelathini hadi kwenye mtumbwi sikuwahi kuzipiga.
Sikusikia hasira wala aibu. Kwenye sahani yangu samaki wawili wakubwa, magege. Nikawamaliza.

Ijumaa, 12 Julai
Nimempigia Victor. Nimemweleza ya beseni. Kajibu: ripoti imeshasainiwa, na aliyepima ni nani kama si wewe? Kusema takwimu ni mbovu ni kusema mradi mzima ni mbovu. Mkataba wangu unaisha Septemba. Kanishauri nipumzike wikiendi.

Jumapili, 14 Julai
Misa. Nilisimama wenzangu waliposimama. Jioni nimepiga pasi nguo ambazo tayari zilikuwa zimepigwa.

Jumatano, 17 Julai
Lituhi tangu jana. Alfajiri nimeingia majini hadi magotini, nikapima mtumbwini kabla hawajachagua. Samaki 212. Wastani sentimita tisa.
Mzee Hilari akasimama pembeni, kofia mkononi. Shikamoo. Marahaba. Akauliza, taratibu, kama wamenikosea mpaka nimekataa kiti.
Nikasema hapana, baba.
Kumbe matokeo yameshamfikia, Victor kampigia. Na yeye ndiye aliyeandika lile ombi. Kasema miaka arobaini yuko kwenye miamba hii, alikuwa na hakika samaki wanaisha. "Lakini wewe umepima. Basi macho yangu yamezeeka."
Hapo ndipo nilipaswa kumwambia. Badala yake nikamwomba anishikie rula nivae viatu. Akaifuta kwa shati lake kabla ya kunirudishia.

Alhamisi, 18 Julai
Ofisi ya kijiji, saa tano. Naandika hapa hapa mkutanoni. Karatasi ya vipimo vya jana iko mfukoni, nimeikunja mara nne.
Victor kamaliza kusoma. Nyuma wanapiga makofi, wavuvi wenye nyavu za matundu madogo, ambao hawakulitaka lile ombi. Wameshakubaliana kuingia miambani kesho, kwa pamoja.
Mzee Hilari kasimama. Anaondoa ombi lake. Anaomba radhi kijiji kwa kuwatia watu hofu bila sababu. Wataalamu wamesema, yeye ni nani. Sauti yake haitetemeki. Kakaa.
Kifua changu kimeuma kidogo. Nimeshangaa kwamba kinauma.
Wameniletea kiti kilekile. Miguuni kwangu beseni jeupe, zawadi ya kuniaga. Magege saba, wakubwa kweli. Sijui wamewatafuta kwa siku ngapi.
Mwenyekiti wa kijiji anauliza kama dada mtaalamu ana la kuongeza kabla hawajafunga. Victor anatazama simu yake. Bonifasia, mstari wa mbele, ananitazama mimi.
Wote wanadhani ninayoandika ni ya maana, wananisubiri nimalize. Naendelea kuandika. Mwenyekiti ameuliza tena