Karatasi Ishirini Nilizogawa Kanisani

Kwako Nyawira, mama yangu niliyemzaa mwenyewe,

Najua ukiiona barua hii mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma, utashika kichwa. Utasema, "Ona sasa, mama ametangaza tena." Ngoja kwanza, usiifunge. Safari hii sikutangazi wewe. Najitangaza mimi. Nilikukosea mbele ya watu, na mtu akikosewa mbele ya watu haombwi msamaha jikoni, mlango umefungwa.

Huku Gatitu ni baridi. Mlima umefunikwa na mawingu, hatujauona wiki ya pili sasa. Mashine ya kufuma bado naikalia palepale karibu na mlango, kwa sababu ya mwangaza, na nikimaliza safu natazama kile kiti chako cha plastiki, kile cha buluu kilichopasuka mguu ukakifunga na uzi wa sweta. Mteja akitaka kukikalia namwambia kina mtu. Anaangalia huku na huku, haoni mtu, anabaki kusimama.

Nilikupa jina la mama yangu. Baba yako hakuwa na la kusema hapo, maana hakuwepo, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza mbona si jina la nyanya wa upande ule, kama desturi yetu inavyotaka. Tangu uzaliwe nimekuita mama. Ukiwa wa kubebwa mgongoni nilikuambia, "Mama, nyamaza." Watu wa mbali wakishangaa, wa hapa wanaelewa. Na ukawa mama kweli. Mimi wa darasa la saba, nimezaa mtu anayeiandikia mashine maneno nayo inamtii! Haya, umeona, nimeanza. Najizuia.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka chuo ukakuta daftari langu la vipimo limemwagikiwa chai? Ulilishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Mama, hiki kitabu kitakufukuzia wateja."

"Wateja wangu wananijua."

"Wanakujua, lakini wewe huwajui. Hapa umeandika nini? 'Yule mrefu wa Othaya'?"

Ukakaa kwenye kile kiti wiki tano, laptopu magotini, sufu zikikuangukia nyweleni. Nikikuletea uji unapoa. Halafu siku moja ukaniita nione. Kwenye skrini kulikuwa na dirisha, ndivyo ulivyoliita, na ndani yake jina la mteja, kifua, mabega, urefu, kiuno, mkono, rangi, na mahali pa maelezo. Herufi umezifanya kubwa kwa ajili ya macho yangu. Chini kabisa, kibonyezo kimeandikwa CHAPA.

Mteja wa kwanza kuingizwa ulikuwa wewe. Nilikupima na utepe, ukacheka nilipofika kwapani, kama ulivyocheka ukiwa na miaka minne. Pale kwenye maelezo ukaandika mwenyewe: "Mteja wa kwanza. Anapenda shingo ndefu." Nikabonyeza CHAPA, printa ikakohoa, na lile dirisha likatoka zima kwenye karatasi, na mipaka yake, hata kibonyezo chenyewe. Nikakibonyeza pale kwenye karatasi nione kama kitazaa kingine. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Na sweta ya Kiama? Yule wa Naro Moru anayebebea wazungu mizigo mlimani. Nilimwingiza mwenyewe bila kukuita, nikachapa kwenye karatasi fupi, ndefu zilikuwa zimeisha, nikafuma. Karatasi ilikuwa imeishia kiunoni, mstari wa mkono umekatwa, kumtafuta tena kwenye skrini sijui, na nikaona aibu kukuuliza. Nikakisia. Nikasema mtu mfupi huyu, mikono itakuwa mifupi. Baada ya wiki mbili akaingia dukani ameivaa, mikono inaishia hapa juu ya kiwiko.

"Mama Nyawira, hii ni sweta ama ni kizibao? Huko juu kuna barafu, mimi sikukwambia naenda Mombasa."

"Kiama, mikono yako imekua."

"Imekua wiki mbili? Basi nipimie na mguu mapema."

Ulijificha nyuma ya mifuko ya sufu, umeziba mdomo. Alipoondoka ukanieleza, bila kunidharau hata kidogo. Dirisha lilikuwa refu kuliko karatasi ile fupi, na wewe hukuwa umeiambia programu ipime karatasi kwanza. Nikasema, kumbe ni kama kufuma sweta ya mtoto kwa mfano wa mtu mzima, lazima upunguze kila mahali kwa kiasi kilekile. Ukanitazama.

"Mama, hivyo hasa. Hesabu ni hiyohiyo."

Nyawira, siku hiyo ningeweza kupaa. Mwanangu wa kompyuta ameniambia hesabu ni hiyohiyo! Nilimwambia muuza maziwa. Nilimwambia mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua sweta za shule. Nilimwambia mtu aliyesimama tu kujikinga mvua.

Mdomo wangu huu. Uliniambia mapema kwamba umeitwa kuhojiwa kazi Nairobi, na kabla hujapanda gari nilikuwa nimeshatangaza kwamba umeajiriwa. Hukuipata. Miezi mitatu mizima ukipita barabarani ni, "Nyawira, bado hujaenda kazini?" Ulianza kupitia nyuma, kwenye shamba la kahawa, viatu vikijaa matope. Niliona yale matope. Nikakuuliza tu mbona unachafua nyumba.

Sasa nifike pale.

Wamama wa kanisa walikuwa wamechoka na hadithi zangu. Mama Kairu, jirani yetu, akaniambia mbele ya wengine, "Kila siku kompyuta, kompyuta. Si utuletee tuone hiyo ajabu?" Nikasema Jumapili nitaleta. Jumapili asubuhi ulikuwa umeenda kuteka maji, laptopu iko wazi mezani, na kwenye skrini lile dirisha, jina lako juu yake, mteja wa kwanza. Nikaona ni baraka. Nikachapa ishirini. Miwani sikuwa nayo. Karatasi zilitoka zimelala kifudifudi, nikazikusanya zikiwa bado na joto, nikazitia kwenye bahasha na Biblia yangu juu.

Baada ya ibada nikazigawa kama mtu anayegawa keki. Nikasubiri makofi.

Hawakupiga makofi. Waliinamisha vichwa wakasoma, na wakaendelea kusoma, na mimi najua vipimo vyako havisomwi muda mrefu hivyo. Mama Kairu ndiye aliyeinua macho.

"Mama Nyawira, kwani sisi ndio hiyo kanisa?"

"Kanisa gani?"

Akanisomea. Kumbe ulikuwa ukiandikiana na rafiki yako wa chuo, na ule ujumbe ulikuwa umejitokeza kwenye kona ya skrini, umelalia pale pa maelezo. Na programu yako wakati huo ilikuwa haichapi dirisha, ilikuwa inapiga picha ya skrini pale dirisha lilipo. Chochote kilicholala juu yake kikatoka nacho. Nakala ishirini: "Tiketi ya Ujerumani imetoka. Mama bado sijamwambia. Nikimwambia atatangazia kanisa nzima."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Wengine wakakunja karatasi zao polepole, kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unamenya viazi. Nilikutupia ile karatasi kwenye sufuria. Nikasema niliyoyasema. Kwamba nimekusomesha ili unione mjinga. Kwamba uende, na usinipigie simu mpaka upate mama unayeweza kumwamini. Mama Kairu alikuwa ameshafika mlangoni, na wenzake wawili, na nilijua wako pale, na nikapaza sauti ili wasikie. Ulisema kitu kimoja tu, kisu bado mkononi: "Mama, nilitaka nifike kwanza. Ndipo nikwambie nimefika."

Siku tatu ulikaa na ile laptopu, hatusemezani. Nilidhani unajificha humo. Siku ya nne asubuhi ulichukua begi. Nilikuwa kwenye mashine. Ulisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yako, na mimi, Mungu anisamehe, niliendelea kusukuma mashine mpaka mwisho wa safu. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na wewe hukuwepo.

Umekuwa ukiandika kutoka huko Ujerumani. "Niko sawa mama. Wewe je?" Nami najibu, "Niko sawa." Watu wawili wazima, na mwaka mzima na nusu tuko sawa tu.

Kuna kitu hukijui. Kwa miezi saba sikuigusa ile laptopu uliyoniachia mezani. Niliifunika na kitambaa, nikarudi kwenye daftari. Halafu ikaja oda ya shule moja ya Othaya, watoto wengi, na mwalimu mkuu akataka vipimo vilivyochapwa, si mwandiko wangu. Nikaifunua. Nikavuta ile trei ya printa niweke karatasi, na juu ya zile zilizobaki palikuwa na mwandiko wako.

"Mama, nimeitengeneza. Sasa haipigi picha ya skrini. Dirisha linajichora lenyewe upya kwenye karatasi. Hata likifunikwa na kitu gani, litatoka lenyewe tu. Usiogope, chapa."

Nilikaa kwenye kiti chako. Ndiyo, nilikikalia, siku hiyo moja. Kumbe zile siku tatu ulikuwa unanitengenezea mimi. Nimekutukana watu wakisikiliza, nawe umekaa unanipangia nisije nikaaibika tena. Nikajaribu. Nikafungua jina lako, nikaweka dirisha jingine juu yake, limelifunika karibu lote, nikabonyeza. Likatoka safi. Kifua, mabega, urefu, mteja wa kwanza, anapenda shingo ndefu. Hakuna kitu juu yake.

Wewe ulikosea kitu kimoja, ukakirekebisha kwa siku tatu. Mimi nimekosea, na huu ni mwaka na nusu.

Nisamehe, Nyawira. Hukuniogopa mimi, uliogopa mdomo wangu, na mdomo wangu ukaenda ukathibitisha. Wamama wote wa kanisa walioshika zile karatasi na wasome hapa: mtoto hakuwa na makosa. Alikuwa na siri ndogo ya kujikinga, na mimi nikaichapa mara ishirini.

Nikwambie jambo, na hili nalisema kwa majivuno, niruhusu hili moja. Ile habari uliyoniandikia mwezi uliopita, mara ya kwanza kuniandikia zaidi ya kwamba uko sawa, ile uliyomaliza na "mama, hii ni yako tu", sijamwambia mtu. Hata hapa siiandiki. Mama Kairu alikuja kuomba chumvi.

"Nyawira anasemaje siku hizi?"

"Yuko sawa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Wewe ni mgonjwa?"

Nikampa chumvi. Alienda amenuna, akageuka mara mbili barabarani kuniangalia. Nilipofunga mlango nilicheka peke yangu, nikatafuta wa kumwambia nimenyamaza, sikuona mtu. Nikaiambia mashine.

Nakufumia sweta. Nyekundu iliyokolea, ile uliyoipenda, shingo ndefu ya kukunja mara mbili, maana naambiwa baridi ya huko haiombi ruhusa. Mbele na nyuma nimemaliza. Nimefuata karatasi yako, nikaongeza kidogo, sijui kama umenenepa au umekonda, kwenye picha hujitokezi vizuri. Lakini mikono nimeiacha. Iko hapo kwenye kiti chako, sweta isiyo na mikono, na nimeapa mikono sikisii tena.

Basi jipime, mama. Utepe kutoka begani mpaka kifundo cha mkono, mkono ukiwa umekunjwa kidogo, kama nilivyokufundisha. Hata namba tupu tu, bila salamu, itanitosha. Ukitaka kupiga simu uniambie, nitaacha safu katikati.

Na hiyo namba sitamwambia mtu.

Ni mimi niliyekuzaa na kukuita mama,
Mama yako wa Gatitu